Gari Lisilojua Kwenda Polepole

Jumatatu, 4 Novemba

Siku nzito. Naandika kwa mpangilio.

Kwanza, barua yangu kwa Marie-Jeanne imefika. Kurasa mbili, mwandiko safi, hakuna neno lililokatwa. Nimeeleza umri wangu (hamsini na mmoja), kazi yangu (fundi wa viti vya magari, Pinetown), tabia yangu (nzuri) na nia yangu (ndoa). Niliipeleka mwenyewe saluni kwake, hapa Albert Park, nikaiweka kando ya rangi za kucha, nikatoka kabla hajanyanyua macho. Mchana akapiga simu. Akasema ameisoma. Akasema binti yake Gracieuse anaolewa tarehe kumi na sita, kichwa chake kimejaa, na jibu langu atalitoa harusi ikishapita.

Hakusema hapana. Hilo nimelipigia mstari.

Pili, Ruphin. Naye anamtaka Marie-Jeanne, ila hajaandika barua. Ana duka la simu, suti nne na Mercedes ya rangi ya fedha. Kila harusi ya Wakongo hapa Durban, bibi harusi hubebwa na Mercedes ya Ruphin, mwenyewe akiendesha kwa glavu nyeupe. Harusi ikiisha, watu wanamkumbuka yeye kuliko bwana harusi. Mimi hupanda taksi ya Pinetown, siti ya nyuma, na mzigo wa mtu mwingine magotini.

La tatu nitaandika kesho.

Jumanne, 5 Novemba

La tatu ni gari, na linastahili siku yake.

Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi kwa Mzee Moodley. Miaka yote hiyo, pembeni mwa karakana kumekuwa na kitu kimefunikwa turubai. Nilidhani ni mashine ya kukatia mabati. Jana mzee aliliondoa turubai mbele yangu, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Gari la mwaka 1973. Jeupe, boneti nyeusi, milango miwili. Jina la kiwanda siliandiki. Shajara yaweza kuangukia mikononi mwa Ruphin.

Mzee akanieleza, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Siku zile sheria za mbio zilikataza gari kushindana mpaka mengine ya aina hiyohiyo yauzwe kwa watu wa kawaida. Basi wakachukua gari dogo la familia, wakang'oa injini yake ya upole, wakapachika ya silinda nane iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Wakaunda mia moja. Si mia na moja. Walionunua waliyapeleka sokoni na shuleni kuchukua watoto, lakini magari yenyewe yalijua yaliundwa kwa ajili gani.

Akaliwasha. Hapa kalamu inanishinda. Haukuwa mlio, ulikuwa uzito. Spana zilitetemeka kwenye rafu. Chai yangu ikajichora miduara kikombeni. Mimi ni mtu wa viti, sijawahi kujali injini. Jana nilielewa kwa nini watu wazima husafiri mbali kwenda kutazama magari yakizunguka na kurudi palepale. Alipolizima, ukimya ule sijawahi kuusikia hata kanisani.

Kazi yangu ni kushona upya viti vyote. Nilipokuwa nikipima kiti cha nyuma, nilimwona bibi harusi amekaa pale. Gracieuse. Na mama yake mlangoni, macho yake kwangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mzee hamruhusu mtu yeyote kuligusa gari nje ya karakana. Nikabuni mpango.

Nilimweleza, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba sponji jipya halitulii mpaka likaliwe barabarani kwa saa mbili. Liwe limekaliwa na watu wa uzito mbalimbali. Ikiwezekana Jumamosi mchana. Ikiwezekana mmoja wao awe amevaa gauni refu.

Mzee alinawa mikono. Aliifuta kidole kwa kidole. Kisha akasema amekuwa kwenye kazi hii miaka hamsini na tano na hajawahi kusikia sponji linalohitaji bibi harusi.

Nikamwambia kweli. Barua, jibu linalosubiriwa, Mercedes, glavu. Alisikiliza bila kucheka, jambo lililonipa heshima. Akaomba kuona picha ya Marie-Jeanne. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu, akasema gari litakwenda, lakini ataendesha yeye.

Mzee Moodley ana miaka sabini na minane. Sikupinga.

Ana sharti moja. Gari lile halijui kwenda polepole. Liliundwa lipozwe na upepo wa mbio. Likikokotwa, linachemka. Akauliza msafara wa harusi huenda kasi gani.

Nilisema: kasi ya kuridhisha.

Naandika hapa, kwa kuwa shajara ni mahali pa ukweli: msafara wa harusi wa Wakongo huenda mwendo wa mtu anayecheza. Kuna hata wakati hurudi nyuma.

Jumapili, 10 Novemba

Kikao cha kamati ya harusi, saluni, baada ya misa. Watu kumi na wanne na viti tisa. Ruphin alifika na kiti chake mwenyewe.

Suala la gari la bibi harusi lilipofika, alifungua mdomo kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha. Nikamwahi. Nilisema Gracieuse ni binti wa pekee, na binti wa pekee hawezi kubebwa na gari lililokwisha kubeba mabibi harusi thelathini. Wanawake wakanong'ona. Nikaonyesha picha. Wanaume wakasogea. Ruphin akavaa miwani, akatazama, akanigeukia taratibu.

"Papa Deo, hii gari iko na milango mbili. Bibi harusi ataingilia wapi, ku dirisha?"

Walicheka sana. Nikawaacha wamalize. Kisha nikabonyeza simu, nikaiweka sauti ya injini niliyoirekodi Jumatatu.

Mwanamke aliyekuwa anasukwa aligeuza kichwa na kumtoka msusi mkononi. Serge, bwana harusi, alisimama bila kujua amesimama. Kura zilipigwa: kumi na mbili kwa moja. Ruphin alijipigia mwenyewe.

Marie-Jeanne hakupiga kura. Aliuliza kitu kimoja tu: mtoto wangu atakaa wapi ndani ya kitu hicho? Nilimwambia hilo niachie mimi, kukaa ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Upana wa kiti cha nyuma: sentimita mia moja na kumi na mbili. Nimepima mara tatu.

Jioni nilikwenda kwa Goreth, fundi anayeshona gauni, kupima gauni. Alinikataza kuingia, akasema mwanamume haoni gauni kabla ya siku. Nikamweleza sitaki kuliona, nataka kipenyo tu. Akanitajia kupitia mlangoni: mita mbili na nusu.

Hesabu haikubaliani. Lakini kitambaa hubanika. Nilichukua vyandarua vinane nilivyoazima kwa majirani, nikavijaza kiti cha nyuma, nikakaa katikati yake kwa robo saa. Nilipumua vizuri, isipokuwa mwishoni.

Mzee alinikuta humo. Alivitoa kimoja kimoja.

Ijumaa, 15 Novemba

Viti vimekamilika. Ngozi nyeusi, mshono mara mbili. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya, na naandika hivi bila majivuno.

Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva na kushika usukani muda mrefu, gari limezimwa. Kisha akazungumza. Mwaka 1973 alikuwa kijana wa kabureta katika timu ya mbio. Yeye ndiye aliyelisikiliza kila gari na kusema kama liko tayari. Lakini sheria za nchi siku zile hazikumruhusu Mhindi wa Cato Manor kukaa na wazungu. Mbio zikianza, aliondoka kwenye magari aliyoyatengeneza, akazunguka uwanja kwa miguu, akatazama kutoka upande wa pili wa uzio, kupitia waya. Hili alilinunua uzeeni, likiwa limejaa kutu. Amelitengeneza miaka tisa, usiku, wafanyakazi tukishaondoka. Akasema hajawahi kuliachia likimbie. Kila mara alidhani atapata sababu.

Nilikaribia kumwambia ukweli kuhusu msafara. Maneno yalifika mdomoni.

Badala yake nilimpigia Marie-Jeanne, nikaomba kesho msafara uende haraka kidogo. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema wanawake thelathini watacheza mbele ya gari kuanzia kanisani mpaka mwisho wa mtaa wa Diakonia, wameshona sare, na mimi ni Mtanzania, sielewi furaha.

Nimeamua kutomsumbua mzee.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika kwa saa, ili ukweli usipotee.

Saa nane na nusu mchana. Misa imekwisha. Gari liko mbele ya kanisa na utepe mmoja mweupe. Mzee alikataa maua. Watu wamelizunguka. Wanaume wameacha kumtazama bibi harusi. Padri mwenyewe ameinama kuchungulia boneti. Ruphin amesimama kando ya Mercedes yake, glavu mikononi, peke yake. Marie-Jeanne akanipita na kusema, "Eh, Papa Deo." Hivyo tu, lakini akitabasamu. Dakika hizo tisa zilikuwa zangu.

Saa nane na dakika arobaini. Kumwingiza Gracieuse. Ilihitaji watu watano. Nilitangulia ndani kulivuta gauni, wengine wakasukuma. Tukafaulu, isipokuwa gauni lilijaza kiti cha nyuma mpaka kwenye kioo, na nafasi ya bwana harusi haikuwepo tena. Sikuwa nimempima Serge. Ni mrefu kuliko wote kanisani. Alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama mtu anayepima maji. Ruphin akasogea, akamshika kiwiko kwa upole.

"Kuja kwangu, mtoto. Kwangu iko nafasi."

Serge akaenda. Bwana na bibi harusi wakatoka kanisani kwa magari mawili. Tabasamu la Marie-Jeanne lilikwisha hapo.

Saa tisa kasoro tano. Msafara. Mimi kiti cha mbele, kando ya mzee. Wanawake thelathini mbele yetu kwa sare ya njano, Marie-Jeanne katikati. Honi nyuma. Tulikwenda mita kumi, tukasimama, tukarudi mbili. Mzee aliniuliza, bila kugeuza kichwa, kama hii ndiyo kasi ya kuridhisha. Nilijibu kwamba wanapasha viungo moto. Mshale wa joto ulikuwa katikati.

Saa tisa na dakika tano. Mshale umepita katikati. Mzee akafungulia hita, ili joto la injini lihamie kwetu. Lilihamia. Nje ni Novemba ya Durban, ndani ni tanuri. Sauti ikatoka ndani ya gauni: "Tonton Deo, mimi niko naiva huku nyuma." Nilimwomba avumilie kwa heshima ya mama yake.

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Mshale kwenye nyekundu. Mvuke mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Wageni walidhani ni sehemu ya sherehe. Vigelegele viliongezeka. Mtu alitupa mchele.

Mzee alizungumza kwa upole sana. Akasema yako mambo mawili. Tulizime hapa, lisukumwe. Au lipate upepo. Akasema mimi ndiye niliyesema kasi ya kuridhisha, basi niamue mimi.

Nilitazama kioo cha pembeni. Mercedes ilikuwa nyuma yetu. Ruphin alikuwa amekwisha kutoa mkono dirishani, anafungua kifungo cha shati, anajiandaa kusukuma.

Nilisema: nenda, mzee.

Hakuuliza mara ya pili. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa kijani, na kulikuwa na mtaa mtupu kushoto unaoteremka bandarini. Aliingia. Kuanzia hapo sina kumbukumbu za saa. Nakumbuka kiti nilichokishona mwenyewe kikinishika mgongo kama mkono. Nakumbuka minazi ya bandarini ikiwa ukuta mmoja. Gracieuse alipiga kelele mpaka mwisho wa barabara ile, kisha nikatambua kwamba anacheka. Shela ilikuwa imetoka dirishani, mita tatu, inapepea nyuma yetu. Alisema, "Tena, Papa Mzee! Tena!" Mzee haelewi Kiswahili. Alielewa.

Nilimtazama. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kwenye chumba cha pili. Machozi yalikuwa yanakwenda pembeni, kwa sababu ya upepo, au si kwa sababu ya upepo.

Saa tisa na dakika thelathini. Ukumbini, Cato Manor. Mshale katikati. Gari zima. Wapishi tu ndio waliokuwepo. Bibi harusi alikula sambusa tatu, amesimama, kwa kuwa gauni halikuruhusu kukaa. Tulisubiri saa moja na dakika kumi.

Sababu niliijua baadaye. Walioachwa mtaani waliona gari likipotea na bibi harusi, mzee wasiyemjua na mimi. Ruphin alitangaza kwamba mtoto ameibwa. Nusu ya wageni walikwenda polisi. Nusu walisambaa kututafuta, na kwaya ilirudi kanisani kuomba.

Marie-Jeanne aliwasili saa kumi na dakika arobaini, katika Mercedes ya Ruphin, siti ya mbele. Alikuwa na kiatu kimoja. Alimkumbatia binti yake. Kisha akanipita kama watu wapitavyo nguzo.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda misa ya kwanza. Nilikwenda ya tatu. Walinijua hata huko.

Ruphin sasa ni shujaa. Inasemekana alilifukuza gari letu na karibu alikamate. Mercedes ile haikuondoka pale ilipokuwa kwa dakika arobaini. Nina mashahidi wawili, lakini mmoja ni mimi.

Gracieuse ametuma ujumbe. Anauliza kama gari litapatikana siku ya ubatizo, watoto wakija. Kutoka kwa mama yake, hakuna neno.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilifika karakana na barua ya kuacha kazi mfukoni. Ukurasa mmoja, mwandiko safi.

Mzee alikuwa chini ya gari, anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi. Nilimwambia, nikiongea na viatu vyake, kwamba nilimdanganya kuhusu kasi ya msafara na nilijua tangu mwanzo. Mluzi ukakoma. Alitoka, akakaa sakafuni, akafuta mikono kidole kwa kidole.

"Deo," akasema, "miaka tisa nimesubiri mtu anidanganye kuhusu gari hili. Asante."

Akarudi chini. Barua bado iko mfukoni.

Jumatano, 20 Novemba

Marie-Jeanne aliniita saluni, saa ya kufunga. Nilivaa tai.

Alikuwa anafagia nywele na hakuacha kufagia. Alianza na yale niliyoyatarajia: kiatu, polisi, kwaya, Serge aliyelia mbele ya shemeji zake. Nilikubali kila kosa kwa kuinamisha kichwa. Nilipotaka kueleza habari ya mshale wa joto alinyanyua ufagio, nikaacha.

Kisha akakaa. Akasema Ruphin alimwomba ndoa Jumamosi ileile, ndani ya Mercedes, yeye akiwa na kiatu kimoja na hajui mtoto wake yuko wapi. Alimjibu palepale: hapana. Akaniambia nisitabasamu.

"Papa Deo, barua yako nilisoma mara tatu. Hakuna mutu aliniandikia barua tangu marehemu bwana yangu. Ningekujibu ndiyo siku ileile, kabla ya ile gari, kabla ya yote." Alitazama mlango. "Mimi sitafuti mutu wa kunipitisha mbele ya watu. Watu wameniona ya kutosha. Natafuta mutu wa kuingia ku nyumba, kukaa, kula, na kunyamaza. Unaweza kunyamaza?"

Nilinyamaza, ili aone.

"Bon. Dimanche, hii Jumapili, saa saba, kuja kula. Kuja na miguu. Bila gari. Nitakujibu ku meza."

Nilitembea mpaka nyumbani. Lifti ilikuwa imekufa, nikapanda ghorofa tisa bila kuzihisi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimelitafakari neno lake siku mbili nzima, kwa utulivu, na nimelielewa. Amesema kweli. Nilikosea. Kosa langu ni kwamba nilichagua kitu kisichojua kwenda polepole.

Kwa hiyo nimetafuta kinachokwenda polepole kwa asili yake.

Liko kanisa moja la Wakongo lenye bendi ya tarumbeta. Watu kumi na sita, ngoma kubwa tatu, sare ya kijani na nyeupe. Wote hutembea kwa miguu. Hakuna hata gari moja. Nimezungumza na kiongozi wao, Ndugu Josias, mtu makini sana. Nilimuuliza kama wanaweza kuchemka. Akasema hawajawahi.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni dakika nne. Nimeirefusha njia ipite mtaa wa Diakonia, halafu chini ya dirisha la Ruphin, ambapo tutasimama kwa nyimbo mbili. Jumla saa moja na dakika ishirini. Tutaanza saa sita kasoro dakika ishirini ili nifike saa saba kamili.

Mimi nitatangulia mbele, nimenyamaza.

Marie-Jeanne sijamwambia. Nimepima ngazi za kwake. Kumi na watatu wanaingia vizuri. Wenye ngoma kubwa watabanika.